Rwanda, Kenya, Tanzania au Uganda: Serikali Imfikieje Asiye na Mshahara?

Mageuzi ya afya yakijadiliwa, kelele nyingi huwa juu ya asilimia na bei ya kadi. Kwa mwenye ajira rasmi jambo hilo ni jepesi: mwajiri anakata, anapeleka, yameisha. Kazi ngumu ya utawala inaanza kwa muuza mboga, mvuvi, dereva wa bodaboda na mkulima wa muhogo, ambao ndio wengi katika nchi zetu. Serikali haijui kipato chao, na hakuna mwajiri wa kuwakata. Ukizichambua sera za afya kwa wote za Afrika Mashariki, utakuta kila moja ni jibu la swali hilohilo, na majibu hayafanani.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa anayetakiwa kusema anaunga mkono lipi na bado hajaamua: diwani aliyeitwa kutoa maoni, mjumbe wa kamati ya zahanati, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, mwanafunzi wa utawala wa umma mwenye tasnifu ya kuandika.

VIGEZO

Maswali manne, na kila nchi inayajibu yote. Kwanza, mchango wa asiye na mshahara unapatikanaje? Pili, nani anaamua kwamba fulani ni maskini kiasi cha kutolipa? Tatu, pesa inafikaje kituoni, kule ambako mgonjwa amekaa kwenye benchi? Nne, mambo yakienda mrama, nani anabanwa?

Idadi ya madaktari na vitanda sikuipima. Hiyo hutegemea utajiri wa nchi kuliko muundo wa utawala wake, na ukiichanganya humu utajikuta unalinganisha bajeti badala ya mifumo.

NJIA NNE KWA UFUPI

Rwanda ina mituweli, bima ya jamii iliyojaribiwa mwaka 1999 katika wilaya za Byumba, Kabgayi na Kabutare, ikawa sera ya taifa 2004, kisha ikafanywa ya lazima kwa sheria ya mwisho wa 2007. Tangu Julai 2015 inaendeshwa na RSSB, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Kenya iliifuta NHIF, mfuko wake wa taifa wa bima ya hospitali uliokuwepo tangu 1966, na kuiweka SHA, mamlaka ya afya ya jamii iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Chini yake kuna mifuko mitatu: wa afya ya msingi, wa bima yenyewe, na wa dharura pamoja na magonjwa sugu na mahututi.

Tanzania Bara ni mchanganyiko. Kuna NHIF yake yenyewe, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, iliyoanzia kwa watumishi wa umma mwaka 2001 kwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Kuna CHF, mfuko wa afya ya jamii unaolipiwa na kaya, iliyojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kuboreshwa 2018. Halafu ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, inayomtaka kila mkazi awe na bima.

Uganda haina bima ya taifa. Machi 2001 ilifuta ada katika vituo vya serikali, isipokuwa wodi za kulipia za hospitali, na tangu hapo huduma hizo hutegemea kodi na wafadhili. Bunge lilipitisha muswada wa bima Machi 2021, lakini Rais hakuutia saini.

MCHANGO WA ASIYE NA MSHAHARA

Tuanze na Rwanda, maana ndiyo inayotajwa katika kila semina, mara nyingi kwa sababu isiyo sahihi. Watu husema mituweli ilifaulu kwa sababu ni rahisi. Ni kweli kabla ya 2011 mchango ulikuwa faranga 1,000 kwa mtu kwa mwaka, na kuanzia hapo zikawekwa ngazi tatu za 2,000, 3,000 na 7,000, ile ya chini ikilipwa na serikali na wafadhili. Lakini bei nafuu peke yake haikuwahi kuijaza mifuko ya aina hii kwingineko, na Tanzania itatupa ushahidi. Kilichobeba mituweli ni ngazi ya uongozi. Meya wa wilaya husaini imihigo, mkataba wa malengo, na Rais wa nchi, na kiwango cha waliolipa mituweli ni moja ya mambo anayoulizwa. Swali likishamfikia meya linateremka hadi sekta, seli na mudugudu, yaani kijiji, ambako kiongozi anazijua nyumba zote na anajua ipi haijalipa. Wanakijiji nao hujiwekea akiba kidogo kidogo katika vikundi vya ibimina ili ifikapo Julai, mwaka wa bima unapoanza, fedha ya familia nzima iwe imetimia. Hivyo Rwanda ilivuka asilimia 80 ya walengwa na kukaa huko kwa miaka mingi.

Gharama yake haisemwi sana kwenye semina. Kiongozi anayepimwa kwa asilimia ana kila sababu ya kumsukuma jirani yake, na mpaka kati ya hamasa na amri huwa mwembamba. Anayetaka kuiga mituweli ajiulize kama anaitaka pamoja na mtendaji wa kijiji anayegonga mlango, kwa sababu bila yeye kinachobaki ni kadi tu.

Kenya ilichagua kupima uwezo. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya kipato ghafi bila ukomo wa juu. Zamani NHIF ilikomea shilingi 1,700 kwa anayepata 100,000 na zaidi. Sasa huyo wa 100,000 analipa 2,750, na wa 500,000 analipa 13,750. Hapo haki imeongezeka, hata kama walio juu wananung'unika. Asiye na mshahara anajibu dodoso kuhusu nyumba yake, maji, choo, mifugo na mengineyo, kisha mfumo unamkadiria kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Chini ya NHIF alikuwa analipa 500 kila mwezi. Kwa mama mboga anayeuza leo ili ale leo, kulipa mwezi kwa mwezi na kulipa mwaka kwa pamoja ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama jumla ni ileile. Ndiyo maana mwaka 2025 ikabidi utengenezwe mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomkopesha mtu fedha ya bima. Kujiandikisha kwa *147# huchukua dakika chache, na zaidi ya watu milioni 20 waliandikishwa katika mwaka wa kwanza. Wanaochangia kutoka sekta isiyo rasmi ni wachache sana wakilinganishwa na hao. Ukisoma takwimu za SHA, angalia kwanza unasomewa safu ipi.

Tanzania kwa miaka mingi ilitegemea hiari. CHF iliyoboreshwa iliwekwa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka, pungufu ya bei ya jozi ya viatu vya ngozi, na bado kaya nyingi hazikujiunga. Hiari ina ugonjwa wake: anayejiunga ni yule anayejua ataumwa. Toto Afya Kadi ni mfano mzuri. Mzazi alilipa 50,400 kwa mtoto, na waliokimbilia kadi hiyo wengi walikuwa na mtoto ambaye tayari ana matatizo ya kiafya. Mwaka 2023 NHIF ilisitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule. Wazazi walilalamika kwa haki, na mfuko nao hesabu zake zilikuwa za kweli. Sheria ya 2023 inajaribu kuuponya ugonjwa huo kwa kufanya bima kuwa wajibu. Wajibu, hata hivyo, unahitaji mtu wa kuusimamia kule kijijini, na hapo unarudi kwenye mlango uleule wa Rwanda.

Uganda haimuulizi kitu. Mvuvi wa Kalangala anachangia kupitia kodi ya sabuni na mafuta ya boti, na akifika kituoni hatakiwi kuonyesha kadi. Kiutawala hakuna njia nyepesi kuliko hiyo. Udhaifu ni kwamba dawa zikiisha kituoni, anatumwa duka la dawa, na huko analipa yote kutoka mfukoni siku ambayo hana nguvu ya kufanya kazi.

NANI ANAAMUA NANI NI MASKINI

Rwanda ilitumia ubudehe: wanakijiji wenyewe walikutana na kupangana katika makundi kulingana na hali ya maisha. Jirani anajua mengi ambayo dodoso halitayajua kamwe, kwa mfano kwamba mwenye bati jipya alijengewa na mtoto wake wa mjini na yeye mwenyewe hana kitu. Lakini makundi hayo yalipoanza kuamua na misaada mingine, ugomvi ukaongezeka, na kila mtu akataka kushushwa ngazi. Nchi hiyo sasa imeyaacha na kwenda kwenye rejesta ya takwimu za kaya.

Kenya iliruka moja kwa moja hadi kwenye fomula. Uzuri wake ni kwamba chifu hana nafasi ya kumpendelea shemeji yake. Ubaya ni kwamba mtu anapangiwa kiasi asichoelewa kimetoka wapi, na kumuuliza karani wa hospitali hakusaidii kwa kuwa naye anaona namba tu.

Tanzania inacho chombo ambacho naamini hakijathaminiwa vya kutosha, nacho ni TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii unaosaidia kaya maskini. Huko mkutano wa kijiji hutaja kaya, kisha taarifa zao huhakikiwa kwa vipimo vya kitaalamu, kwa hiyo jirani na fomula wote wanasikika. Kwa upande mwingine, sera ya msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa 60 na kuendelea wasiojiweza imekuwa mzigo wa kituo chenyewe: mgonjwa anasamehewa, na dawa aliyopewa hairudishwi na mtu. Sheria ya 2023 imetaja vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo, vikiwemo tozo kwenye soda, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kwa maoni yangu kipengele hicho ndicho cha kufuatiliwa kila bajeti inaposomwa.

Kwa Uganda swali hili halipo. Wote hawalipi, tajiri na maskini, na kwa nchi isiyo na takwimu za kuaminika hiyo ni nafuu kubwa.

PESA INAFIKAJE KITUONI

Hapa Tanzania ndiyo ya kwanza kutazamwa. Hadi miaka ya 2010 fedha za zahanati zilikaa halmashauri. Mganga mfawidhi akihitaji dawa au kurekebisha paa aliandika barua, akasubiri. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha, hasa za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zilianza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila kituo, hata zahanati ya kijiji. Kamati ya kituo, yenye wawakilishi wa wananchi, hupitisha mpango na matumizi, na hesabu huingizwa kwenye FFARS, mfumo wa uhasibu wa vituo. Mabadiliko haya hayakupigiwa tarumbeta kama bima, lakini yamegusa maisha ya kituo kuliko kadi nyingi. Kasoro ipo: zahanati yenye wahudumu wawili haina mhasibu, kwa hiyo muuguzi anayemzalisha mama usiku ndiye anayefunga hesabu asubuhi.

Kenya ilipitia safari ya kinyume kabla ya kurudi. Ugatuzi wa 2013 ulizipa kaunti 47 mamlaka juu ya hospitali, na katika kaunti nyingi makusanyo ya hospitali yakawa yanaingia kwenye mfuko mkuu wa kaunti. Hospitali ikatibu, kaunti ikatumia. Moja ya sheria nne za Oktoba 2023 inaruhusu kituo kubaki na fedha zake. Ni sheria nzuri inayosahaulika kwa sababu SHA imechukua vichwa vyote vya habari. SHA yenyewe ilirithi madeni makubwa ya NHIF kwa hospitali, na mapema 2025 hospitali binafsi zikaanza kupunguza huduma kwa wanachama. Machi mwaka huo Rais Ruto aliagiza wanaodai hadi shilingi milioni 10 walipwe zote na wanaodai zaidi wahakikiwe. Mfuko mmoja wa taifa ukichelewa, nchi nzima inachelewa pamoja.

Rwanda ilijifunza hilo mapema kwa namna yake. Mifuko ya wilaya ilikuwa imelemewa na madeni kwa hospitali, ndiyo sababu moja ya kuihamishia RSSB. Mgonjwa naye huchangia kidogo papo hapo, faranga 200 katika kituo cha afya na asilimia 10 ya bili hospitalini. Michango ya wanakijiji haitoshi peke yake: tangu 2020 kila mwajiriwa anakatwa asilimia 0.5 ya mshahara wake kuichangia mituweli, hata kama yeye ana bima nyingine. Anayesema Rwanda ni bima ya maskini kulipiana wao kwa wao hajaona hilo.

Uganda iliweka fedha za dawa kwa pamoja. Tangu mwaka wa fedha 2009/10 bajeti ya dawa huenda kwa bohari ya taifa, NMS, nayo hupeleka vifurushi vilivyopangwa tayari katika vituo vya ngazi ya II na III, na vidonge vina alama ya serikali ili visiuzwe. Wizi unakuwa mgumu zaidi. Ila kifurushi hakijui kwamba kijiji hiki kina malaria nyingi na kile kina shinikizo la damu, hivyo kituo kimoja kinabakiwa na dawa isiyotumika huku kingine kimeishiwa.

NANI ANABANWA

Kenya ndiyo yenye uwanja mpana zaidi. Julai 2024 Mahakama Kuu ilizitangaza sheria za SHA kuwa kinyume cha katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Septemba Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo, na mpango ukaendelea. Mapema 2025 Mkaguzi Mkuu akahoji mfumo wa kompyuta wa shilingi bilioni 104.8 ambao serikali inaulipia bila kuumiliki. Mambo hayo yanachosha, lakini mwananchi ana pa kushika. Rwanda uwajibikaji unapanda kwenda juu: meya anamwogopa aliyemsainisha imihigo, na matokeo huja haraka. Tanzania tatizo ni wakubwa wawili, kwani Wizara ya Afya inaandika sera na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, ndiyo mwajiri wa wahudumu wa zahanati, kwa hiyo lawama hurushwa huku na huko. Uganda huduma ikikosekana unamuuliza mbunge wako bajeti imekwenda wapi, na ukweli ni kwamba lengo la Abuja la 2001, asilimia 15 ya bajeti kwa afya, halijafikiwa.

INAMFAA NANI

Njia ya Rwanda inafaa nchi au eneo lenye uongozi wa mtaa unaofanya kazi kweli na watu wanaokaa mahali pamoja mwaka mzima. Haifai kwa wafugaji wanaohama, wala kwa jiji ambalo mtu hajui jirani yake anaitwa nani.

Ya Kenya inafaa palipo na ajira rasmi za kutosha kubeba sehemu kubwa ya mfuko, mtandao wa simu hadi kijijini, na mahakama zenye meno. Mwenye kipato kidogo cha kila mwezi anafaidika. Mwenye kipato cha msimu anahangaika.

Ya Tanzania inafaa anayetaka kwenda hatua kwa hatua na kuimarisha zahanati kabla ya kuuza kadi. Inahitaji subira, na huwafaa zaidi walio tayari ndani ya NHIF kuliko walio nje wakati wa kusubiri.

Ya Uganda inafaa palipo na umaskini ulioenea kiasi kwamba kumtafuta asiye maskini ni gharama zaidi ya mchango wake. Inaanguka pale tu hazina inapobana.

UKIWA KATIKA HALI HII

Kama uko kwenye kamati ya kituo na unaombwa maoni juu ya bima mpya, anza na akaunti ya benki. Uliza kama malipo ya wagonjwa wenu yatakuja kwenu au yatapitia halmashauri au kaunti, na baada ya siku ngapi. Bila jibu la maandishi, usiwahamasishe watu kulipa.

Kama unasimamia chama cha wavuvi, bodaboda au wakulima, pigania ratiba ya kulipa inayofuata msimu wenu kabla ya kupigania bei. Wanachama wengi huangushwa na ratiba.

Kama ni diwani au mjumbe wa bunge la kaunti kwenye eneo la wafugaji, elekeza nguvu kwenye huduma ya bure ya afya ya msingi kwa kodi, na uiache bima kwa matibabu ya hospitali. Mfuko wa afya ya msingi wa Kenya unaruhusu mpangilio huo kwenye karatasi. Bajeti yake ndiyo ya kukaliwa macho.

Kama uko Bujumbura au Bukavu na nchi yako bado inajenga mfumo, angalia Burundi ilivyoanza mwaka 2006 na huduma ya bure kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano. Hospitali zilifurika mara moja, na fedha za kufidia zikachelewa. Kundi dogo la kuanzia ni wazo zuri, mradi fidia ya vituo iwe imeshatengwa kabla tangazo halijasomwa redioni.

Na kama wewe ni mwanafunzi mwenye tasnifu, chagua wilaya moja na ufuatilie mchango wa mtu mmoja asiye na mshahara, kuanzia alikoutoa hadi kidonge kinapofika kwenye dirisha la dawa. Nchi yoyote kati ya hizi nne itakupa kazi ya mwaka mzima.